Kufuli Tatu, Bawaba Mbili: Msuko na Wahusika Vinavyojengana

Sanduku la kikoba huwa na kufuli tatu. Kila ufunguo hukaa kwa mwanachama wake, na sanduku lenyewe hulala kwa mwanachama wa nne, ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Mpango huu umewekwa kulinda fedha, lakini kwa mwandishi wa hadithi ni zawadi: ndani yake mna hazina, mna kizuizi, na mna watu wanne wanaolazimika kuaminiana. Nitautumia katika makala hii kueleza msuko na aina za wahusika kwa pamoja. Mambo haya mawili hufundishwa kama sura mbili tofauti za kitabu. Matokeo yake mwanafunzi anakariri "bapa, duara, foili" bila kuona kazi ya watu hao, na mwandishi mchanga anarundika matukio yasiyo na mwenyewe.

Dai langu ni hili: ukitaka kujua aina ya mhusika, tazama ni tukio gani lingekwama kama yeye asingekuwepo. Na ukitaka kujua msuko, tazama nani aliamua nini, na uamuzi huo ulimgharimu nani.

Mtego wa -ka-

Kwanza tukubaliane majina. Ninachokiita msuko wengine hukiita ploti, na katika madarasa mengi ya Tanzania huingizwa ndani ya neno pana zaidi, muundo. Neno lolote linafaa mradi tutenganishe vitu viwili: visa, yaani yale yaliyotokea, na msuko, yaani jinsi kisa kimoja kilivyozaa kingine. E.M. Forster, mwandishi wa Uingereza, aliieleza tofauti hiyo mwaka 1927 kwa mfano ambao hadi leo sijaona uliouzidi. Mfalme alikufa, kisha malkia akafa: hiyo ni hadithi. Mfalme alikufa, kisha malkia akafa kwa huzuni: huo ni msuko. Yameongezwa maneno mawili tu, na vifo viwili vimefungwa kwenye uzi mmoja.

Kiswahili kina mtego wake hapa, nao ni kiambishi -ka-. Soma hii: "Aliamka, akaoga, akaenda sokoni, akakutana na rafiki yake, wakaenda kunywa chai." Sikio linaridhika. Kiambishi -ka- hupanga vitendo kwa utamu, kimoja nyuma ya kingine, lakini hakidai sababu. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anaweza kujaza kurasa kumi zinazoteleza vizuri kabisa bila kutambua kwamba hakuna tukio hata moja lililosababisha jingine. Kwenda sokoni hakukuzaa rafiki, na rafiki hakuzaa kitu. Msomaji anachoka na hajui kwa nini amechoka, maana lugha ni nzuri.

Dawa yake ni kazi ya nusu saa. Chukua rasimu yako, andika kila tukio kwenye mstari wake kwa sentensi moja fupi. Kati ya mstari na mstari jaribu kuweka "kwa sababu hiyo" au "lakini". Panapokataa vyote viwili na kukubali "kisha" peke yake, hapo uzi umekatika. Tukio hilo lina njia tatu: liondoke, lipewe sababu, au lihamishwe hadi mahali ambapo litaweza kusababisha kitu. Mara nyingi linalostahili ni kuondoka, hata kama ndilo lenye maelezo uliyoyapenda kuliko yote.

Sasa tulisuke sanduku letu kwa viunganishi hivyo.

Mwanaidi ndiye anayelala na sanduku la kikoba cha wanawake 20. Zimebaki siku chache wagawane fedha za mwaka mzima. Mwanawe anasoma chuo cha ufundi, na hataingia kwenye mtihani mpaka alipe ada iliyosalia, shilingi 380,000. Kwa sababu hiyo Mwanaidi anaomba mkopo kikaoni. Lakini bado anadaiwa mkopo wa awali, na Bi Zuhura, mwenyekiti, anasema katiba ni katiba. Kwa sababu hiyo anamwendea shemeji yake, naye anamwahidi fedha siku ya Ijumaa. Lakini mtihani ni Jumatano. Kwa sababu hiyo, usiku wa Jumanne, analitazama sanduku na kuona kitu ambacho kufuli tatu humfanya mtu asikifikirie: nyuma kuna bawaba mbili, na skrubu zake zimefungwa kwa nje. Anachukua bisibisi. Anatoa 380,000, anazirudisha skrubu, akijua kwamba Ijumaa fedha zitarudi mahali pake. Lakini shemeji haji. Jumamosi sanduku linafunguliwa mbele ya wote. Kufuli zote tatu ni nzima, na fedha zimepungua. Kwa sababu kufuli ni nzima, macho yanawageukia washika funguo, na zaidi Mama Siwema, ambaye wiki hiyo hiyo ameonekana akimaliza deni lake dukani. Mwanaidi amekaa naye mkeka mmoja.

Hesabu maamuzi ya Mwanaidi. Yapo manne: kuomba, kumwamini shemeji, kushika bisibisi, na lile ambalo bado hajalifanya, kusema au kunyamaza. Yaliyobaki yote ni majibu ya dunia kwa maamuzi hayo. Huu ndio ukaguzi wa pili: futa maamuzi ya mhusika mkuu mmoja mmoja. Ukifuta uamuzi na tukio linalofuata likaendelea kutokea vilevile, basi mhusika mkuu wako ni abiria ndani ya hadithi yake mwenyewe.

Jambo la bawaba lina ufundi wake. Zikitokea kwa mara ya kwanza usiku wa Jumanne, msomaji ataona mkono wa mwandishi. Zionekane mapema, katika kikao cha kwanza kabisa, pale mtu anapolalamika kwamba mfuniko unalia na mwingine anadondosha tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba wakati wengine wanabishania hisa. Sentensi moja inatosha. Siri ya kutega kitu ni kukiweka mbele ya msomaji wakati macho yake yako kwenye ugomvi.

Kilele kiko wapi hasa

Ule mchoro wa mlima unaochorwa ubaoni, wenye utangulizi, kupanda, kilele, kushuka na mwisho, ulitolewa na Gustav Freytag wa Ujerumani mwaka 1863. Alikuwa anachambua tamthilia, hasa tanzia za sehemu tano, na katika tamthilia hizo kilele kiko katikati: shujaa anapanda hadi sehemu ya tatu, kisha nusu nzima iliyobaki ni anguko lake. Mchoro huo ni sahihi kwa kazi aliyokuwa akiichambua. Ukiulaza juu ya hadithi fupi kama ulivyo, unapata nusu ya pili iliyokufa. Wanafunzi wengi huambiwa watafute kilele katikati ya hadithi na wanakipata, kwa sababu ukitafuta mahali popote utakuta mtu analia au anapigana.

Kilele ni pale ambapo mhusika mkuu anafanya uamuzi usiorudika, na baada yake swali kuu la hadithi limejibiwa. Kelele si kipimo. Usiku wa bisibisi una wasiwasi mwingi kuliko tukio jingine lolote katika kisa chetu, lakini bado si kilele, kwa kuwa fedha zinaweza kurudishwa. Hapo ni mgeuko. Kilele kinakuja Jumamosi, pale kunyamaza kutakapomwangamiza mtu mwingine.

Kwa hadithi fupi ya maneno 3,000 vipimo vyangu ni hivi. Tukio la kuchokoza, yaani barua ya ada, liwe limefika kabla ya neno la 300. Matukio makubwa yasizidi manane. Kila moja likipata maneno 300 hadi 350 unabaki na nafasi ya kupumua. Wahusika wenye majina wasizidi watano. Kilele kianze kati ya neno la 2,300 na la 2,600, na mshuko usivuke maneno 250. Riwaya ina uhuru zaidi, lakini hata riwaya ya kurasa 200 ambayo haijamchokoza mhusika wake kufikia ukurasa wa 25 inaishi kwa subira ya msomaji.

Nusu ya rasimu ninazozifahamu zingepona kwa kukatwa ukurasa wa kwanza: jogoo amewika, jua limechomoza, ndege wanaimba, mhusika anajinyoosha kitandani. Hakuna tatizo na asubuhi. Tatizo ni kwamba asubuhi hiyo ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Anza kikaoni, daftari likiwa wazi na jina la Mwanaidi likiwa na deni kando yake.

Visa vile vile, mpangilio tofauti

Msago, au msuko wa moja kwa moja, ndio nilioutumia hapo juu. Usiudharau. Unafaa sana pale uzito wa hadithi uko kwenye kukaza kwa kamba polepole, na msomaji anajua kila kitu anachokijua Mwanaidi. Taharuki ya namna hii inatokana na kujua: msomaji anajua fedha hazimo, anawatazama wanawake wakifika na khanga zao, wakisalimiana, wakipanga wafanye nini na mgao.

Sasa ficha usiku wa bisibisi. Anza Jumamosi, kufuli nzima, fedha pungufu. Ghafla umeandika hadithi ya upelelezi, na visa havijabadilika hata kimoja. Hadithi ya upelelezi ni hadithi mbili zilizoshonwa mgongo kwa mgongo: ya uhalifu, ambayo imekwisha kabla ya ukurasa wa kwanza, na ya uchunguzi, ambayo inaenda mbele huku ikiifukua ile ya kwanza nyuma. Muhammed Said Abdulla aliuingiza msuko huu katika riwaya ya Kiswahili kwa nguvu kupitia mpelelezi wake, Bwana Msa, katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960. Anayeandika aina hii lazima aisuke ile hadithi ya uhalifu kwanza, kwa msago, tarehe na saa zikiwa mezani kwake. Akianza na mpelelezi, dalili zitapishana. Utakuta mshukiwa alikuwa Tanga na Pangani saa ile ile.

Msuko rejea unaanza mbele na kurudi nyuma, na chombo chake ni mbinu rejeshi, ambayo wengine huiita kisengere nyuma. Inaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kurudi nyuma mapema mno: msomaji hajapata sababu ya kujali yaliyopo, tayari anapelekwa miaka kumi nyuma. Subiri mpaka awe na swali ambalo yaliyopita pekee yanaweza kulijibu. Ya pili ni mlango usioonekana, msomaji hajui ameingia lini wala ametoka lini. Kiswahili kinatupa mlango mzuri kwa nyakati zake. Ingia kwa "alikuwa ame-" katika sentensi moja au mbili: "Mwaka uliotangulia Mama Siwema alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma, akiomba." Ukishaingia, achana na "alikuwa ame-", maana ukiirudia aya nzima ulimi unachoka, endelea na -li- na -ka- kama kawaida. Ukitoka, toka kwa kitu cha sasa kinachoonekana au kusikika: kikombe, mlio wa mfuniko, mtu anayeita jina.

Kuna pia hadithi ndani ya hadithi, na mfano wake uliosimama imara ni Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Karama anashtakiwa, na katika siku sita za kesi anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali na kurudi kupata mateso badala ya shukrani. Watu hulalamika kwamba masimulizi hayo yanafanana. Yanafanana kweli, na kufanana huko ndiko ushahidi wenyewe: mjumbe mmoja angekuwa bahati mbaya, sita ni tabia ya serikali. Kinachomvuta msomaji kiko nje, kwenye baraza: Karama atahukumiwa au ataachiwa? Funzo la kiufundi ni kwamba hadithi za ndani zinaweza kujirudia mradi ya nje iwe na hatari inayozidi kukaribia.

Rukia, ambapo visa viwili vinapokezana, nitaigusa tu. Mwanaidi sura moja, Mama Siwema sura inayofuata. Usimwache mmoja mpaka umwache na swali, na hakikisha uamuzi wa mmoja unaangukia maisha ya mwingine. La sivyo una hadithi mbili fupi zilizobanwa kwa pini moja.

Bapa si tusi

Tukienda kwa wahusika, neno linaloonewa kuliko yote ni bapa, yaani mhusika wa sifa moja asiyebadilika. Katika majibu ya mitihani na hata katika uhakiki wa magazetini, kusema mhusika ni bapa kumekuwa sawa na kusema mwandishi ameshindwa. Bi Zuhura ni bapa. Ana sentensi moja, "katiba ni katiba", naye hatabadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Na hadithi inamtaka awe hivyo. Yeye ni ukuta ambao Mwanaidi anaugonga, na pia ni mizani ambayo msomaji anapimia wengine. Ungempa mashaka na machozi ya usiku, ukuta ungelainika, mkopo ungepatikana, na bisibisi isingeshikwa.

Kosa halisi kwa bapa ni mengine mawili. Moja ni kumwacha bila mantiki yake. Bi Zuhura asiwe mkali kwa sababu mwandishi anahitaji mkali. Sentensi moja tu ya kwamba kikoba cha kwanza alichokiongoza kilivunjika kwa mikopo ya kuhurumiana inamsimamisha kwa miguu yake. Jingine ni kumbadilisha ghafla mwishoni ili hadithi iishe vizuri. Bapa anayeokoka katika ukurasa wa mwisho ni mwandishi aliyechoka. Wahakiki wetu hugawa zaidi: bapa sugu, asiyebadilika popote umwekapo, na bapa kielelezo, ambaye jina na sifa yake ni kitu kimoja. Majivuno katika Kusadikika ni wa namna hii ya pili, na wajumbe wenyewe, Fadhili, Amini na wenzao, vilevile. Mbinu hiyo ya majina huitwa majazi. Inafaa katika hadithi ya mafumbo, ambapo msomaji anatakiwa aitambue sifa mara moja na ashughulike na hoja. Katika hadithi ya uhalisia ina bei kubwa: ukimwita shemeji Mnafiki, au hata Hila, ahadi yake ya Ijumaa imekufa kabla haijatolewa, na taharuki nayo.

Mhusika duara ana kipimo kingine cha Forster ninachokikubali bila masharti: aweze kutushangaza, na tukishashangaa tuamini. Masharti yote mawili. Akitushangaza bila kuaminika, mwandishi amedanganya. Akiaminika bila kushangaza, ni bapa mwenye maelezo mengi. Hapa ndipo waandishi wengi wanapopotea, wakidhani uduara unajengwa kwa kuongeza habari: alizaliwa wapi, anapenda chakula gani, alisoma shule ipi. Unaweza kuandika kurasa tatu za wasifu na mtu akabaki karatasi. Uduara hujengwa kwa kugonganisha vitu viwili ambavyo vyote ni vyema machoni pa mhusika. Mwanaidi ni mama, na ni mwenye amana. Angekuwa anachagua kati ya wema na uovu, msomaji angejua jibu na kufunga kitabu.

Tazama pia jinsi sifa yake nzuri inavyomwangusha. Mapema katika hadithi anamrudishia mwenye duka shilingi 500 alizozidishiwa kwenye chenji. Msomaji anaweka moyoni: huyu ni mwaminifu. Usiku wa Jumanne uaminifu ule ule ndio unaompa ruhusa ya kushika bisibisi, kwa sababu yeye anajijua kuwa mtu anayerudisha. Kwa akili yake haibi. Amekopa, na hajawahi kushindwa kurudisha. Mtu asiye mwaminifu angeogopa zaidi. Hapo msomaji anashangaa na kuamini kwa wakati mmoja, na chanzo ni zile shilingi 500. Tafuta katika rasimu yako sifa ambayo mhusika wako anajivunia, kisha jiulize sifa hiyo inaweza kumruhusu kufanya kosa gani.

Foili, yaani mhusika anayewekwa kando ya mkuu ili tumwone mkuu vizuri zaidi kwa kuwalinganisha, naye anaeleweka vibaya. Si kila mhusika aliye kinyume na mkuu ni foili. Ili kulinganisha kuwe na maana, wawili hao lazima wafanane karibu kila kitu na kutofautiana mahali pamoja. Mama Siwema ana umri wa Mwanaidi, kikoba kimoja, mume aliye mbali vilevile, na mwaka jana alihitaji fedha vilevile. Aliomba mbele ya wote, akanyimwa kwa katiba ile ile, akaenda kuuza cherehani yake. Tofauti ni moja: alikubali kupoteza kitu chake. Kama ungemfanya msichana tajiri wa mjini asiyejali fedha, angekuwa mhusika mwingine tu. Na mpangilio una maana: habari ya cherehani ije kabla ya bisibisi, ili usiku ule msomaji akumbuke kwamba kulikuwa na njia nyingine, yenye kuuma.

Kuna wahusika wanaoitwa shinda, wanaokaa kati ya bapa na duara na ambao maisha yao yanamtegemea mwingine. Mtoto wa Mwanaidi ni wa kundi hilo. Anahitaji kuwepo, awe na sauti, pengine aulize swali moja gumu kwenye simu. Zaidi ya hapo anakula nafasi.

Upo mgawanyo mwingine unaosaidia sana, wa kazi. Vladimir Propp, mwaka 1928, alichambua ngano za Kirusi akapata vitendo 31 vya msingi na dhima saba tu za wahusika: mpinzani, mtoaji, msaidizi, anayetafutwa, mtumaji, shujaa na shujaa wa uongo. Faida yake ni kwamba dhima hazifungwi kwa mtu. Mtu mmoja anaweza kushika mbili, na dhima moja ikagawanywa kwa watu watatu. Ngano zetu zilikwisha kulijua hilo kwa vitendo: Sungura anaweza kuwa msaidizi katika ngano moja na mpinzani katika nyingine, akiwa na ujanja ule ule. Katika kisa chetu shemeji ni msaidizi anayeshindwa, chuo ndicho mtumaji, na mpinzani ni katiba, kitu kisicho na uovu wowote. Unapokuwa na wahusika wengi mno, andika dhima ya kila mmoja pembeni. Wawili wenye dhima moja na upande mmoja wanaweza kuunganishwa kuwa mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo mmoja anakuwa hai kuliko wote wawili.

Mwito unaobadilika

Kiswahili kina chombo cha kusawiri wahusika ambacho ni dhambi kukiacha: namna watu wanavyoitana. Mwanaidi na Mama Siwema wanaitana "shoga" tangu mwanzo. Jumamosi, Mwanaidi anaposikia watu wananong'ona, anamwambia, "Mama Siwema, sogea kidogo." Neno "shoga" limetoweka. Hakuna haja ya aya inayoeleza kwamba dhamiri imemtenga na rafiki yake. Msomaji wa Kiswahili ameshaisikia. Vivyo hivyo kijana anayemwamkia Bi Zuhura "shikamoo" kila siku na leo akapita na "habari za leo" amefanya tukio zima. Pitia mazungumzo yako na uweke alama kila mwito. Kama wahusika wawili wanaitana vilevile kabla na baada ya mgogoro, kuna kitu hukukitumia.

Sadfa nayo ina kanuni moja rahisi. Msomaji anaikubali inayoongeza taabu na anaikataa inayoiondoa. Shemeji akiugua Alhamisi, tunakubali. Shemeji akitokea mlangoni Jumamosi na bahasha dakika moja kabla ya sanduku kufunguliwa, hadithi imekufa, pamoja na ndoto ambayo mhusika anaamka kutoka ndani yake na mjomba wa ng'ambo anayetuma fedha bila kuombwa.

Kosa la mwisho nitakalolitaja ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu huharibu hadithi zilizokwisha kusukwa vizuri. Mwandishi anafika kwenye kilele na kukisimulia kwa muhtasari: "Mwanaidi alijuta sana, akakiri kosa lake mbele ya wote, wakalia." Au anamsimamisha atoe hotuba kuhusu uaminifu. Kilele kinahitaji kitendo kimoja, kifanywe na mhusika mkuu, kwa kitu kilichokwisha kuonekana. Kitu hicho tunacho. Wanawake wamemzunguka Mama Siwema, kila mmoja anasema lake. Mwanaidi anainuka kwenye mkeka. Analishika sanduku kwa mikono miwili, analigeuza taratibu, mgongo wake uwaelekee wote, na kuweka kidole juu ya skrubu ambayo kichwa chake bado kina mkwaruzo mpya. Baada ya hapo maneno 200 yanatosha: nani aliona kwanza, nani alikaa chini, Bi Zuhura alifunga daftari au aliliacha wazi, na Mama Siwema alimwitaje.